Mlio wa Kibodi Kando ya Kitanda cha Tata

Tata alipopigwa na kiharusi, niliacha chumba nilichokuwa nimepanga Kisii mjini nikarudi nyumbani, karibu na Ikonge, nimsaidie mama kumtunza. Tata ndivyo tunavyowaita baba zetu huku. Kazi yangu nilikuja nayo: husikiliza rekodi za mikutano na mahojiano na kuandika kila neno lililosemwa. Mama alipokuwa shambani akichuma chai, mimi niliketi sebuleni kando ya kitanda cha Tata, sikio moja kwenye rekodi na jingine kwake.

Kiharusi kilimwachia sauti moja tu: "Ee." Ukimuuliza kama ana njaa, ee. Ukimuuliza kama ameshiba, ee. Watu wa kanisa walikuja Sabato moja kumwombea, akawaitikia ee kila walipotua, wakaenda zao wakisema anaendelea vizuri.

Vitufe vya laptopu yangu ni bapa, na kidole hugota chini kila unapobonyeza. Viganja vilianza kuniuma, kisha vikashindwa kukamua nguo. Siku niliposhindwa hata kumshika Tata makwapani ili tumwinue, niliingiwa na hofu. Rafiki yangu anayefanya kazi kama yangu akanishauri kwa simu nitafute kibodi ya kimakanika, ile ambayo kila kitufe kina swichi na springi yake.

"Lakini usinunue kwa kuambiwa," alisema. "Nenda uiguse mwenyewe."

Dukani Kisii nilimkuta msichana mmoja aliyenipangia kibodi juu ya kaunta kama anayepanga viatu. Akaniuliza kama huandika kwa nguvu au kwa upole. Sikuwahi kuulizwa jambo hilo maishani.

"Andika basi, nikusikilize," akasema.

Niliandika kilichonijia: Tata amekunywa uji nusu kikombe. Yeye hakusoma, alisikiliza tu.

"Unagandamiza, na vidole unaviegemeza. Yenye swichi nyekundu ni laini mno kwako, ukigusa tu herufi imeshaingia. Ya kahawia ndiyo ingekufaa, ina kituo kidogo unachokihisi kidoleni, na haina makelele. Lakini imeisha, na sijui nyingine itatoka Nairobi lini. Iliyobaki ni buluu. Hiyo hulia."

Nikaijaribu ya buluu. Kila herufi ilitoa mlio mkavu, na vidole vyangu vikajua mahali pa kukomea bila kugonga chini. Nilitamani kulia kwa nafuu niliyoisikia.

"Kwako kuna mtu atakayesumbuliwa?"

"Kuna mgonjwa."

"Anasikia?"

"Anasikia."

"Basi utamuuliza," akasema, akaanza kuifunga.

Nilipoanza kuandika kesho yake, Tata aligeuza kichwa akatazama juu kwenye mabati. Mkono wake ambao haukupooza ulikamata blanketi. Nikaacha.

"Tata, kelele inakusumbua?"

"Ee."

"Niache?"

"Ee."

"Niendelee?"

"Ee." Na machozi yakamtiririka hadi sikioni.

Daktari alikuwa ametuonya kwamba baada ya kiharusi machozi huweza kuja yenyewe, bila huzuni. Kwa hiyo hata machozi hayakuniambia kitu.

Mama aliporudi na kapu mgongoni nilimweleza. Akamtazama mumewe, akatazama mabati. "Anadhani ni mvua ya mawe," akasema. "Anaogopea chai."

Nilichukua kibodi nikaiweka kifuani pake, nikaushika mkono wake nikauweka juu ya vitufe ili ajue si mawe. Akabonyeza. Kikalia. Akabonyeza tena, kitufe kilekile, tena na tena, na kwenye skrini ikajipanga mistari ya jjjjjj. Mama akacheka, mara ya kwanza tangu nirudi. Kisha akaona jinsi Tata alivyokaza taya, kicheko kikamkatikia mdomoni. Hatukujua kama anacheza au anajaribu kuizima.

Nilitandika taulo chini ya kibodi, haikusaidia. Nikahamia jikoni, nyumba ndogo iliyo uani, nikiacha milango yote wazi. Nilifikiri akihitaji kitu nitamsikia. Hakuita. Nilipoingia kumtazama nilimkuta sakafuni, shavu kwenye saruji, macho wazi, amenyamaza. Sijui alikuwa pale tangu lini. Sikuweza kumwinua peke yangu. Nilitoka nikapiga kelele hadi majirani wakaja.

Basi nikarudi Kisii. Yule msichana alikubali kunibadilishia, akanipa ya swichi nyekundu. Haikuwa na ule mlio mkavu, nikarudi kuandika kando ya kitanda. Lakini ilikuwa kama alivyosema: nikipumzisha vidole, herufi zinamwagika. Kazi zangu zikaanza kurudishwa zirekebishwe. Na katika ukimya ule ule niliokwenda kumtafutia, Tata aliendelea kutazama mabati na kukamata blanketi.

"Labda sasa anaitafuta ile kelele," mama alisema.

"Tata, unaitaka ile kelele?"

"Ee."

Mama alitoka nje, akakaa kwenye ngazi ya mlango kitambo.

Msichana wa duka alinipigia simu mwishoni mwa mvua za masika kuniambia ya kahawia imefika. Wakati huo Tata alikuwa amepigwa na kiharusi mara ya pili. Ile "ee" nayo ilikuwa imekwisha. Alilala karibu mchana kutwa, mdomo wazi, na tulimlisha kwa kijiko kidogo kidogo huku tukimwomba ameze. Nilikwenda nikaichukua hata hivyo.

Ilikuwa ndiyo hasa niliyoihitaji. Kidole kinashuka, kinakutana na kile kituo kidogo, kinarudi. Niliandika saa nzima bila maumivu na bila kosa. Tata hakugeuza kichwa. Niligonga kwa nguvu kidogo makusudi, halafu kwa nguvu zaidi. Hakugeuza.

Mama akaingia akifuta mikono kwenye leso. "Imekufaa?"

"Imenifaa."

"Haya, njoo basi."

Nikasukuma kiti. Yeye akashika mabega, mimi nikashika kiuno, tukamgeuza aelekee ukutani, alalie ubavu ambao ngozi yake haikuwa bado na vidonda vya kulala.