Gauni la Mwimbaji

Mwajabu, fundi cherehani wa Kerege, hakuwahi kuelewa mambo ya bendi, lakini hali ya Sauti Moja aliijua kwa sare. Mwaka wa kwanza walishona sita, za kitenge cha manjano. Wimbo wao ulipopigwa redioni wakashona kumi na moja, za satini; wacheza shoo walitaka mapaja yaonekane, naye akawaongezea inchi mbili kimyakimya. Kisha wakagombana huko Chalinze, zikashonwa nne. Katika zote hizo moja ilikuwa ya Habiba, binti yake, mwimbaji wao, na hiyo aliishona bila kupima.

Safari hii Ridhiwani, kiongozi wa bendi, alileta kitambaa cha zambarau na karatasi ya vipimo. Sare tano, harusi Jumamosi. Gauni lilikuwa moja tu, na urefu wake ulimpita Habiba kwa inchi nne.

"Mwanangu, hivi vipimo vya nani?"

"Vya mwimbaji, mama," Ridhiwani alisema, macho chini. "Wewe shona tu."

Shona tu! Mbona Habiba kila alasiri anaaga anakwenda mazoezini? Wamemfukuza, anaona haya kusema? Au kuna pengine anakokwenda? Siku tatu Mwajabu alimchunguza bintiye, hata matonge akamhesabia. Aliloambulia ni kwamba siku hizi haimbi jikoni, na yale mafua anayosema anayo hayaishi. Kumuuliza akaogopa. Ijumaa akashika mkasi, akakata gauni kwa kipimo cha Habiba. Waone wenyewe watafanya nini.

Baada ya swala ya alasiri Ridhiwani alikuja na Habiba, na nyuma yao msichana mrefu.

"Shikamoo, mama. Naitwa Mayasa."

"Marahaba."

Mayasa alipolivaa, gauni likamwishia juu kabisa ya vifundo, kama la kuazima.

"Mama! Umekata langu?" Habiba aling'aka.

"Nimekata la mwimbaji."

"Mwimbaji ni huyu. Mimi koo limekataa tangu Ramadhani. Daktari kasema nikilazimisha, hata kuzungumza nitashindwa. Mazoezini nakwenda kumfundisha nyimbo."

"Na mimi hukuniambia?"

"Ungelia."

"Kwani sasa silii?"

Mayasa alilivuta gauni chini. "Nitavaa hivi hivi, mama."

"Harusini, mbele za watu? Simama wima."

Mwajabu akapiga magoti, akapima marinda ya kuongeza. Hakujua amkasirikie nani: Ridhiwani, koo, au yeye mwenyewe. Juu ya kichwa chake Mayasa akaanza kuimba kwa woga, akafika mahali akapotea.

"Hapo panda," Habiba alimwambia, akimwonyesha kwa mkono.

Mwajabu akaisikia vizuri ile sauti ya kukwaruza, aliyokubali kuiita mafua miezi yote hiyo. Akachukua sindano na uzi.

"Habiba, njoo unitungie uzi," alisema. "Tundu silioni."