Dilovar Mia Tatu Ndani ya Kompyuta ya Mama

Siku tulipoifungua kompyuta ya mama kuona kwa nini imekuwa nzito, tulimkuta kaka yangu marehemu humo ndani zaidi ya mara mia tatu.

Video ileile. Sura ileile. Tikiti lilelile mkononi.

Mume wangu alitoa mkono kwenye mausi, akanigeukia taratibu.

"Mohira, hivi mama yako ni mzima kweli?"

 Nisogezeeni masikio, nianzie mbali kidogo mnielewe.

Kwetu ni Istaravshan, Tajikistan. Tulizaliwa wawili tu, mimi na Dilovar. Baba alikufa tukiwa wadogo, mama akatulea kwa kuoka mikate na kuuza.

Dilovar alipopata ndevu alifanya kama wanaume wote wa mtaa wetu. Akapanda treni kwenda Urusi. Zege, matofali, kulala kumi chumba kimoja.

Alirudi mara moja, mwezi wa nane, kwa ajili ya harusi yangu. Ndipo akamnunulia mama kompyuta.

"Ya nini hii?" mama aliuliza.

"Ya kukutoa upweke, mama yangu. Mohira ndiye huyo anaolewa, utagombana na nani?"

Siku ya harusi, jamaa aliyekuja kurekodi alimkuta Dilovar uani, amechuchumaa chini ya mzabibu, anakata tikiti na kumtania mama. Akamrekodi. Dakika nne hivi. Baadaye akatuletea, tukaiweka kwenye kompyuta.

Mwaka uliofuata ukuta ulimwangukia Dilovar huko huko Urusi.

Jeneza lilikuja limezibwa kwa bati pande zote. Tuliambiwa tusilifungue. Mama alililalia juu, akapiga lile bati kwa viganja mpaka wanaume wakamtoa. Hakumwona mwanaye uso.

Simu yake haikuonekana. Nguo zake hazikuonekana. Kikabaki kile kivideo.

Mama hajui kompyuta, ila mke wa jirani alimfundisha kuiwasha, kufungua video, na mambo mengine mawili matatu. Kila mchana akishatoa mikate tanurini, ananawa, anaondoa kitambaa cha tarizi alichoifunikia kompyuta, anakaa. Anamwangalia mwanaye dakika nne. Anafunika. Basi.

Macho yake yakaanza kuingia ukungu, mtoto wa jicho. Akawa anasogeza pua mpaka inakaribia kugusa kioo.

Halafu na kompyuta nayo ikaanza.

Jamani, ilikuwa nzito! Ukibonyeza kuiwasha unaweza kwenda kukanda unga, ukarudi bado inazungusha kile kiduara. Ukifungua kitu, inaganda. Ukiigusa tena, inaganda zaidi, kama imekununia.

"Imezeeka kama mimi," mama alisema. "Muiache."

Mwaka huo akapata nafasi ya kufanyiwa upasuaji wa macho mjini Khujand. Mama mdogo akamsindikiza. Mume wangu Firdavs akaja na wazo.

"Mama anarudi na macho mapya. Tumtengenezee na kompyuta. Akiwasha, paap! Tumfanyie sapraizi."

Firdavs si fundi wa kusomea, lakini mtaa mzima madishi yao ya televisheni yakizingua wanamwita yeye. Anampenda mama kuliko hata mimi ninavyompenda. Naomba mlikumbuke hilo mkitaka kumtukana.

Tukaanza. Akafungua boksi, akapuliza vumbi, mapafu yake yakaomba poo. Akachomoa waya, akachomeka upya. Bado.

Akatafuta virusi. Akapata viwili, akaviua kwa shangwe. Bado.

Akazima programu zote zinazojiwasha zenyewe. Bado nzito vilevile.

Mimi nilikuwa nasikia kitu. Tik. Kimya. Tik, tik.

"Firdavs, hiyo nini inalia?"

"Feni hiyo. Imezoea vumbi, sasa inashangaa hewa safi."

Nikacheka. Ndiyo, nilicheka.

Ndipo akaangalia diski yenyewe. Mstari mwekundu mpaka mwisho. Imejaa pomoni.

"Mama anaweka nini humu? Mikate?"

Akafungua folda. Ndani yake folda. Ndani yake nyingine. Zote zina Dilovar. Nakala, nakala ya nakala, nakala ya nakala ya nakala.

Ndiyo hapo aliponiuliza kama mama ni mzima.

 Nikawaza, huzuni imempanda kichwani bila sisi kujua. Kumbe anakaa hapa peke yake anamzaa mwanaye upya.

"Maskini, alikuwa anabonyeza tu," Firdavs akasema. "Sasa tatizo tumelipata. Naacha ile ya kwanza kabisa, ile halisi. Hizi nyingine nazifuta."

"Zote?"

"Zote ni kitu kimoja, Mohira. Ukifuta vivuli, mtu si yupo?"

Nikaona ni kweli. Akafuta. Akamwaga na lile pipa la takataka la kwenye kompyuta, ili nafasi irudi.

Kisha akawasha ile programu ya kupanga diski upya, inayohamisha kila kitu kikae mahali pamoja. Ikafanya kazi mpaka kesho yake mchana. Tik, tik, tik, kama kuku anayedonoa bati.

Ilipomaliza, tukaizima, tukaiwasha.

Ikawaka kabla sijamaliza kumimina chai.

Firdavs aliruka, akanibeba, akanizungusha chumba kizima. "Mimi ni nani? Niambie mimi ni nani!"

"Wewe ni fundi, nishushe!"

Nikamwambia tujaribu ile video. Akakataa. "Tutaifungua na mama. Aanze yeye."

Mama alirudi na miwani nyeusi. Tulipomvua, alishika uso wangu kwa mikono miwili.

"Mohira, kumbe umezeeka hivi?"

Tukacheka wote. Hapo hapo, hata chai hajanywa, akasema, "Nipelekeni kwa Dilovar. Nataka nimwone vizuri."

Firdavs akamvutia kiti. Kompyuta ikawaka paap, kama alivyoahidi. Mama akapiga makofi.

Video ikaanza. Uani kwetu. Mzabibu. Dilovar ameinama, kisu kinaingia kwenye tikiti. Akaanza kuinua kichwa.

Ikaganda.

Tik. Tik. Tik.

Kisha kioo chote kikawa cha buluu, maandishi meupe.

Firdavs akaiwasha tena. Ikafika pale pale, kabla uso haujatokea. Ikaganda.

Mama hakushtuka hata kidogo. "Si hiyo, mwanangu," akamwambia. "Hiyo ya kwanza ni mbovu. Fungua nyingine."



"Mbovu vipi, mama?" nikauliza. Sauti yangu niliisikia kama ya mtu mwingine.

"Ilianza kukwama tangu majira ya baridi. Leo inakubali, kesho inagoma. Basi kila ikikubali, mimi haraka haraka natoa nyingine, naiweka. Na ile nikiona inacheza vizuri, naitolea nyingine. Nikasema hata zikifa kumi, itabaki moja." Akatabasamu. "Fungua zile nyingine."

Firdavs alikaa chini sakafuni.  

Mama alimwangalia. Akaniangalia mimi. Na kwa macho yake mapya alikuwa anaona kila kitu.



Tuliipeleka ile diski kwa fundi Khujand. Akakaa nayo wiki nzima. Alitupokea mlangoni, tukajua imeshindikana.

"Diski ilikuwa inakufa," akasema. "Uzito ule na mlio ule ndizo dalili zake. Mngezifuta tu nakala mkaishia hapo, huenda ningeokoa moja. Lakini kule kupanga upya kumeandika vitu vingine juu yake. Na diski mgonjwa mmeikimbiza usiku kucha."

Akatupa alichopata. Sekunde chache, hazina sauti. Mkono, kisu, tikiti. Uso haumo.

Firdavs alilia garini njia nzima. Mimi sikumbembeleza. Sikuweza.

Mama aliangalia zile sekunde mara moja tu. Akasema, "Ahsanteni," akafunika kompyuta kwa kitambaa chake.

Hajawahi kumlaumu Firdavs. Angalau angemtukana tungepumua. Anammiminia chai ileile, anamwita mwanangu vilevile, na Firdavs anazidi kukonda.

Kuna mchana mmoja tukiwa watatu mezani, mama akauliza ghafla, "Hivi Dilovar alipoinua kichwa alisema nini?"

Mimi nikasema, "Alisema mama njoo uonje, tamu kama matusi yako."

"Hapana," Firdavs akasema polepole. "Alisema msimpe mama, ataniachia maganda."

Mama akatikisa kichwa. "Alisema nimkatie yeye. Nadhani. Au alicheka kwanza?"

Tukabishana kidogo. Kisha tukaacha, maana kila mmoja alikuwa na uhakika, na hakuna hata wawili waliofanana.

Mama akaweka kikombe chini. "Basi ndiyo anatutoka hivyo, kidogo kidogo," akasema.

Ndugu unayesoma, kompyuta yako ikianza kuwa nzito na kutoa mlio usioujua, usianze kuitibu. Usifute, usipange. Hamisha kwanza vitu vyako, uviweke kwenye flashi, kwenye diski nyingine, kwa jirani, popote pasipo humo. Matengenezo baadaye.

Na ukikuta mtu amerundika kitu kwa namna unayoiona ya kichaa, muulize kabla hujamsaidia.

Sisi tungemsubiri mama siku mbili tu. Alikuwa karibu kurudi.