Mtawa Aliyepanda Juu ya Lango

Nimemshonea mama mmoja blauzi za sari kwa miaka sita. Ni mjane wa Kihindu anayeishi katikati ya mji wa Arusha. Mimi ni fundi cherehani wa soko la Kwa Mrombo, Mmeru niliyebatizwa Kilutheri. Kila nilipokwenda kumpima nyumbani kwake alinisimulia habari za mtawa mmoja msomi aliyeishi India ya kusini, karne nyingi zilizopita.

"Alimwendea mwalimu wake mara kumi na nane," aliniambia, "ndipo akafundishwa maneno ya siri ya wokovu. Akaonywa: ukiyatoa nje, utakwenda motoni. Unajua alifanya nini, fundi? Alipanda juu ya lango la hekalu, akawaita watu wote, wakubwa na wanyonge, akayatangaza. Akasema, kama hawa wataokoka, acha mimi niungue."

Nilimpenda yule mtawa. Wanasema akitoka kuoga mtoni aliegemea bega la mwanafunzi ambaye wengine waliona ni najisi hata kumgusa.

Kwa hiyo mwaka jana, mhadhiri mgeni alipokuja kuzungumzia maisha ya mtawa huyo, mama akanialika. Nilifunga kibanda siku ya soko, nikavaa gauni la kanisani. Mlangoni mwa ukumbi mwanamume mmoja alinitazama kuanzia viatu hadi kilemba.

"Wasaidizi wa nyumbani wanasubiri nyuma, jikoni."

Nikamgeukia mama. Nilingoja aseme, huyu ni mgeni wangu. Akashusha macho.

"Kaa kidogo huko, fundi. Nitakusimulia baadaye." Akaingia.

Sikukaa. Nilitembea kwa miguu hadi nyumbani. Yule wa mlangoni hakunijua. Mama alinijua! Na mle ndani walikuwa wakimsifu mtu aliyekataa kuwafungia wengine nje. Hata sasa ninapoandika haya damu inanichemka.

Simu zake sikupokea. Wiki ya tatu akaja mwenyewe sokoni, anakwepa madimbwi. Nilimwamkia shikamoo, kwa kuwa ni mzee. Kiti sikumpa.

"Niliogopa watu watanisema," alisema.

"Mtawa wako alitishiwa moto asiogope. Wewe umeogopa midomo ya watu?"

Wauza nyanya walikuwa wameacha kupanga mafungu yao, wanasikiliza. Mmoja akauliza, "Mtawa gani huyo?"

Nikamwambia mama, "Waambie. Hapa hapa."

Akasimulia akiwa amesimama, kwa Kiswahili chake cha kusitasita: mwalimu, onyo, lango, yote.

"Sasa, alikwenda motoni?" muuza nyanya akauliza.

"Hapana. Mwalimu alikuja amekasirika, kisha akamkumbatia. Akamwambia, wewe umenizidi."

Muuza nyanya akapindua ndoo yake, akamkaribisha akae. Mimi niliendelea kushona.

Blauzi zake nilizipokea tena baada ya Pasaka. Nyumbani kwake sijarudi. Anakuja kupimwa kibandani, na anasubiri zamu yake kama wateja wengine.