Mpishi Tuliyemfukuza kwa Mchuzi wa Kuku

Siku ile wazee kumi na mmoja walitapika kabla sahani hazijaondolewa mezani, na mimi ndiye niliyemnyooshea mpishi kidole.

Nina miaka sabini na sita. Naishi kwenye nyumba ya wazee, kitanda cha dirishani. Kitanda cha pili ni cha wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu.

Hatupatani. Tulianza siku ya harusi yangu. Watoto wetu, kwa akili zao, wakatuweka chumba kimoja.

Sasa, Ijumaa hiyo mchana tulikula mchuzi wa kuku. Fundi Saa, mzee aliyetengeneza saa za mji mzima enzi zake, akaweka kijiko chini. "Tumbo linanikata," akasema, akatapika palepale.

Kufumba na kufumbua, ukumbi mzima. Huyu anakimbilia choo, yule hakifikii. Wahudumu wawili, ndoo tatu. We acha tu.

Matroni akaja amevimba kwa hasira.

"Kuku alikuwa ananuka," nikamwambia.

Mpishi, mwanamke mkimya tuliyembandika jina la Mama Mwiko, akanitazama. "Bibi, kuku nilimchinja leo asubuhi. Na wewe mwenyewe umeomba kuongezwa."

"Unanibishia? Mimi ni sawa na mama yako."

Wazee wakadakia. Mmoja akamwita muuaji. Mwingine, ambaye hata kusimama hawezi, akamrushia kikombe. Matroni akamvua aproni mbele yetu, akamwonyesha mlango.

Jumapili Fundi Saa akafariki. Maji yalimwisha mwilini.

Wifi naye alikuwa hoi, lakini mdomo mzima. Nilimpelekea maji ya chumvi na sukari.

"Usiniguse," akasema. "Bora nife na kiu."

Jumatano daktari akaja chumbani kwetu na matroni, mkononi ana majibu ya maabara.

"Si kuku," akasema. "Ni kirusi cha tumbo, kinapita kwa mikono. Kuna mtu aliumwa kabla ya ule mchuzi. Nani?"

Nikajifanya natafuta miwani.

Walipotoka, wifi akanigeukia. "Nilikuona Alhamisi asubuhi."



Ni kweli. Alhamisi asubuhi nilitapika chooni mara mbili. Nikasuuza vidole kwa maji matupu, nikaenda ukumbini kugawa mkate wa chai ya saa nne, kama kawaida yangu. Fundi Saa nilimkatia vipande, maana mikono yake ilikuwa inatetemeka.

Nilificha kwa sababu mwanangu alikuwa aje Jumamosi, baada ya miezi minane. Akijulikana mgonjwa mmoja tu, wageni hawaingii. Na Fundi Saa alipotapika, nilijua. Ndiyo maana niliwahi kumtaja kuku.

"Mbona hukusema?" nikamuuliza wifi.

"Ningesema mimi, wangeita chuki za mawifi. Siku tano nakungoja useme wewe." Akageukia ukuta. "Nilijua huwezi."

Si wema ulioninyanyua kitandani. Ni hasira. Nikashika mkongojo, nikaenda ofisini kwa matroni, nikatapika yote, safari hii kwa maneno.

Matroni akampigia Mama Mwiko simu, akaweka spika. Nikaomba radhi.

"Nimekusikia, bibi," akasema. "Lakini huko sirudi. Mwanangu shuleni anaitwa mtoto wa muuaji wa wazee."

Akakata.

Naandika haya kwenye simu, kwa kidole kimoja. Ukiharisha au ukitapika, na unaishi au unafanya kazi penye wazee, sema siku hiyohiyo. Nawa kwa sabuni, usiguse chakula cha mwenzako. Na kama umekosa, usitafute wa kumbebesha. Mimi niliogopa kukosa mgeni wa siku moja, mtu akafa.

Wifi bado hanisemeshi. Binti wa Fundi Saa ametuma salamu kwamba nisithubutu kukanyaga kwenye kaburi la baba yake.

Simlaumu.