Hasi Tatu

Mpishi mkuu wa jiko la shule aliitwa Mama Sufuria kwa sababu moja tu: sufuria kubwa la maharage, ambalo wengine huliipua wawili wawili, yeye aliliipua peke yake. Hakuogopa moto, wala mwalimu mkuu. Aliogopa kufa kama dada yake. Dada mtu aliinama kuokota ufagio, nyonga ikavunjika kabla hata hajagusa sakafu, akalala kitandani akigeuzwa kama mtoto mchanga mpaka akafariki. Tangu msiba ule, Mama Sufuria akitaka kuinama hubana pumzi kwanza.

Kwa hiyo bintiye, fundi cherehani, alipomtazama siku moja akasema, "Mama, mbona aproni hii ilikuwa inakomea magotini na sasa inagusa ugoko? Niliishona mwenyewe," moyo ulimlipuka. Nguo hairefuki. Aliyepungua ni yeye. Binti akampangia kwenda zahanati kupimwa mifupa, naye akaenda roho mkononi, ila mdomo ulikuwa bado mzima.

Chumba cha kipimo kilikuwa na kiti, pazia la kijani na kisanduku chenye nafasi ya kuingiza mguu. Mpimaji, msichana mpole, akampaka jeli ya baridi kisiginoni.

"Hii si ile altrasaundi ya wajawazito?" akauliza Mama Sufuria. "Kama unatafuta mtoto humo, mwanangu, umechelewa sana."

Mpimaji akacheka. "Ni ndugu yake, bibi. Tunapitisha sauti kwenye mfupa. Mfupa ulioshiba huipitisha upesi. Uliotobokatoboka huichelewesha."

"Mbona sisikii kitu?"

"Husikii wewe. Mashine inasikia."

Hapo utani ukamwishia. Kisigino chake mwenyewe kilikuwa kinatoa siri kwa kisanduku, naye hajui kinasema nini. Akafumba macho, akamwona dada yake na ule ufagio. 

"Tayari," akasema mpimaji, akimfuta jeli. "Imesoma hasi tatu. Kaa hapo nje, bibi, daktari atakuita akueleze."

Hasi. Neno hilo Mama Sufuria alilijua vizuri. Mtaani kwao mtu akipimwa malaria, kifua kikuu, chochote kile, akirudi na hasi ni furaha nyumba nzima, maana hana. Na yeye kapewa tatu kwa mpigo! Daktari wa nini tena? Alishuka ngazi meno yote nje, na kwa mara ya kwanza tangu msiba hakushika ukuta.

Jikoni shuleni alikuta maharage yameiva, na msaidizi wake, mama mmoja asiye na maneno mengi, anangoja mtu wa kuipua naye.

"Nipishe," akasema Mama Sufuria. "Mimi ni hasi."

Akashika vishikio kwa matambara, akalinyanyua sufuria kama zamani. Hajafika mbali simu ikalia kwenye mfuko wa aproni. Msaidizi akaichomoa, akaiweka spika.

"Mama, uko wapi?" Alikuwa bintiye. "Zahanati wamenipigia, wanasema umeondoka bila kumwona daktari."

"Wa nini? Nina hasi tatu, mwanangu. Sina ugonjwa."

 Binti akazungumza polepole, kama anayeongea na mtu aliyesimama juu ya paa. "Mama, kwenye mifupa hasi si kukosa ugonjwa. Ni kupungukiwa. Wanasema mifupa yako ni myepesi mno, usibebe kitu kizito mpaka daktari akuone. Umeshika nini?"

Mama Sufuria akazungusha macho jikoni. Meza ilikuwa imejaa sahani, na pa kulitua sufuria palikuwa sakafuni tu. Kulitua ni kuinama. Joto lilianza kupenya matambara, maharage yakacheza. Akaisikiliza nyonga yake kwa makini yote aliyokuwa nayo, hakusikia kitu, na kutosikia huko ndiko kulikomtisha zaidi. Aliogopa hata kuvuta pumzi.

"Mwenzangu," akasema, kwa sauti ambayo msaidizi hakuwahi kuisikia jikoni humo, "njoo ushike huku. Inama wewe. Mimi siwezi."