Maua Niliyoyaacha Ottawa

Watu wa kwetu Buyenzi, mtaa wa Bujumbura, wakisikia mtu ameshikwa na mkanda wa jeshi, wanaanza kunong'ona. Wanafikiri wanajua alikoutoa. Mimi nilipimwa, nikaambiwa sina virusi vya UKIMWI, ni uzee na uchovu tu, lakini minong'ono haikukoma, na nikachoka kujieleza. Malengelenge yalinitoka ubavuni upande wa kushoto, yakapasuka, yakakauka, yakaacha ngozi yenye mabaka. Kila aliyekuja kunijulia hali alitazama mabaka yale akasema alhamdulillahi, umepona.

Sikuwa nimepona. Maumivu yalibaki ndani, chini ya ngozi iliyopona. Siku nyingine yaliwaka kama mtu ameniwekea pasi ya makaa. Siku nyingine yalikuja kama shoti ya umeme, nikiwa nampimia mteja iliki, mkono ukaruka na iliki zikamwagika chini. Sikuweza kuvumilia nguo ikigusa ubavu. Nyumbani nilivaa kanzu ya marehemu mume wangu kwa sababu ilikuwa pana na haikunigusa. Sokoni, ambako nauza viungo tangu nikiwa msichana, nilifunga kitenge kwa chini kabisa na kukaa nimeinamia upande mmoja. Wateja walidhani nina maringo.

Nilikuwa katika hali hiyo binti yangu alipojifungua kule Ottawa, Kanada, akaomba nije nimsaidie kulea. Viza ilitoka baada ya usumbufu mwingi. Nikapanda ndege na maumivu yangu.

Kule nilijikaza. Sikutaka mzazi mpya anihudumie mimi badala ya mtoto. Lakini asubuhi moja nilikuwa jikoni nikikoroga mayai, shoti ikanipiga, machozi yakanitoka yenyewe.

"Mama, we unalia?" binti yangu akauliza.

"Apana. Ni kitunguu."

"Kitunguu gani? Leo hatujakata kitunguu."

Akanikalisha, akanifunua ubavu, akanihoji mpaka nikamwambia yote. Akanifunika tena ubavu, akasema, "Kesho mi nakupeleka ku magasin moya. Wanauzisha maua."

Nikafikiri anataka kuninunulia mawaridi ili anifurahishe. Nikamwambia asipoteze pesa.

Duka lenyewe lilikuwa kati ya daktari wa meno na muuza piza. Safi, lina mwanga, kimya kama farmasi. Mlangoni kijana alituangalia nyuso, akatabasamu, akatupisha. Kwenye kaunta kulikuwa na msichana mwenye kipini puani, anaongea Kifaransa cha kule, kile kinachopita puani. Nyuma yake vikopo vimepangwa kwa safu. Nikamwuliza binti yangu maua yako wapi.

"Mama, usipige kelele," akaniambia. "Ni urumogi."

Nikapiga kelele. Urumogi ndilo neno letu la bangi, na mimi tangu utoto nililisikia pamoja na polisi, wezi na vijana waliopotea. Nikavuta ushungi wangu na kugeukia mlango. Binti yangu akanishika mkono. "Huku ni halali, Mama. Ona ule muzee."

Kweli, kando yetu mzee mwenye mkongojo alikuwa anachagua, miwani imeshuka puani, anasoma kibandiko kama mtu anayesoma tarehe ya maziwa. Hakuna aliyemwangalia. Nikarudi kwenye kaunta, kwa haya tu, nisimwaibishe mwanangu.

Yule msichana aliniita Madame. Akauliza inaniuma wapi, inaumaje, natumia dawa gani ya presha. Hakucheka. Akatoa chupa ndogo za kunusia, akanifungulia moja moja. Hapo ndipo woga wangu ulipoanza kupungua, kwa sababu kunusa ndiyo kazi yangu. Ya kwanza ilinuka utomvu wa msonobari na udongo. Ya pili ilikuwa na ndimu, halafu nyuma yake pilipili manga, wazi kabisa. Ya tatu ilinuka majani makavu na asali, tamu kidogo. Sikujua kwamba mmea ule una harufu za namna nyingi hivyo. Nikainamia chupa ya pili tena na tena mpaka binti yangu akaanza kucheka.

Msichana akatueleza kwamba ile ya msonobari ni kali, inapanda kichwani, ile ya ndimu ni ya wastani, na ile ya asali karibu haileweshi kabisa. Yote yameandikwa kwenye kibandiko: nguvu yake, ilikolimwa, siku iliyofungwa. Akasema nianze na kidogo, kidogo sana, nisubiri. Nikauliza bei, nikajiandaa kushtuka. Ua la ndimu lililo zima, zuri la kupigwa picha, lilikuwa ghali. Lakini kulikuwa na mfuko wa ua hilohilo uliojaa vipande vidogo vilivyovunjika, kwa bei isiyozidi ya kuku mmoja wa kule. Kwa nini rahisi hivyo? Kwa sababu ya sura tu, akasema.

Nilikaribia kumkumbatia. Mimi mwenyewe nauza karafuu zilizovunjika kwa bei ya chini, na pilau haijawahi kulalamika.

Sivuti moshi. Binti yangu aliyapasha yale maua kwenye oveni kwa moto mdogo, akayapika polepole ndani ya samli, akachuja kwa kitambaa. Nikapaka kidogo kwenye mkate, nikasema bismillahi kwa mashaka, nikasubiri. Maumivu hayakuondoka. Yalisogea tu, yakawa kama redio ya jirani badala ya redio iliyo sikioni. Nikambeba mjukuu wangu upande wa kushoto. Nikalala nimegeukia upande wa kushoto, kitu ambacho nilikuwa nimekisahau.

Tulijaribu na nyingine. Ile ya msonobari ilinifanya nicheke peke yangu mbele ya friji, kisha nikaogopa, tukaiacha. Ile ya asali ilikuwa nzuri ya mchana, nikiwa na mtoto. Ya ndimu ya vipande ilikuwa ya jioni, na ndiyo niliyoipenda. Kila nikirudi dukani, mfuko uleule ulikuwa na harufu ileile na nguvu ileile. Mtu ambaye hajawahi kununua kitu kwa wasiwasi hawezi kujua raha ya jambo hilo dogo.

Kisha viza ikaisha. Kubeba haikuwezekana, na hata sikuthubutu kuuliza. Niliacha nusu ya mfuko kwenye kabati la mwanangu, nikarudi Bujumbura.

Kabla sijamaliza kugawa zawadi nilizoleta, moto wa ubavuni ulikuwa umerudi. Nikaenda kwa daktari, katika kliniki moja mjini. Mafuta ya magari hayakuwepo, kwa hiyo nilitembea sehemu kubwa ya njia, kitenge kikinikwaruza. Nikamweleza yote, na Ottawa pia. Akasimama, akafunga mlango.

"Mama, iyo maneno usiseme kwa sauti."

"Nasema kwako, muganga. Nitasema kwa nani?"

"Nimesoma kama inasaidia batu bamoya. Lakini apa mi siwezi kuandika. Nikiandika, farmasi gani itakupa? Na mimi watanipeleka wapi?"

Hakuwa mtu mbaya. Aliniandikia vidonge vya mishipa ya fahamu. Vilinikausha mdomo na kunilaza juu ya meza yangu sokoni, lakini vilipunguza kidogo. Nilipovizoea, vikaisha mjini. Nilizunguka farmasi baada ya farmasi, kila mahali jibu ni lile: rupture ya stock, Mama, vimeisha, rudi wiki ijayo. Wiki ijayo jibu lilikuwa hilohilo. Niligombana na msichana wa farmasi ya mwisho, maskini, kana kwamba ndiye aliyevificha.

Jirani yangu sokoni ni mama wa Uvira, upande wa Kongo, anayeuza mawese. Alinisikia nikilalamika. Siku mbili tatu baadaye akaniwekea kifuko cheusi chini ya meza.

"Yaya, usiniulize ilitoka wapi," akasema; kwao yaya ni dada mkubwa. "Na usifungulie apa."

Nilikifungua nyumbani. Mbegu, vijiti, majani ya kahawia yaliyoshikana. Nikanusa: ukungu, na juu yake mafuta ya taa. Kama mtu angeniletea bizari ya namna ile, ningemrudishia. Hakuna kibandiko, hakuna aliyejua nguvu yake, na nililipia zaidi ya nilivyolipia kule Ottawa. Lakini maumivu yalikuwa yamenifikisha mahali ambapo hata kitu kibovu ni kitu. Nikachambua, nikapika kwenye samli kama nilivyoona, nikala kijiko mchana ule nyumba ikiwa tupu.

Kilikuwa kingi mno. Moyo ulianza kukimbia, mikono ikapoa, kuta zikawa mbali. Niliamini nakufa, na kwamba nitakutwa nimekufa nyumba inanuka urumogi. Katika hali hiyo kaka yangu mkubwa akabisha hodi. Kila siku akitoka msikitini baada ya swala ya alasiri hupitia kwangu kunywa chai. Akaingia, akasimama, akavuta pumzi puani.

"Dada, nini iyi?"

Sikuwa na nguvu ya kudanganya. Nikamwambia. Nilimwona akikunja uso kwa hasira, kisha akaniona nilivyotetemeka, akaketi. Akanishika mkono, akasoma aya alizozijua kwa moyo, taratibu, akanipa maji ya sukari, mpaka moyo ukatulia. Baada ya hapo akachukua sufuria yote ya samli na kifuko, akavimwaga chooni. Bado alikuwa hajapaza sauti.

"Wangekukamata," akasema mlangoni. "Mama muzima, mbele ya majirani." Akaenda zake, na kwa muda mrefu hakuja kunywa chai.

Nilimkasirikia. Nilijikasirikia mwenyewe. Zaidi ya yote nilikasirika kwamba kitu kilekile ambacho kule mzee mwenye mkongojo anakichagua akisoma kibandiko, huku mimi nakila mafichoni, kibovu, nusura kiniue.

Kaka alirudi asubuhi moja bila kubisha hodi, akakaa mahali pake pa siku zote. Akasema amekwenda kumuuliza shehe, bila kutaja jina langu.

"Shehe amesema kama ni dawa, na daktari ndiye ameiandika, na hakuna nyingine, basi kuna ruhusa ya dharura."

"Daktari amesema hawezi kuandika," nikamwambia.

"Najua."

"Basi nifanye nini?"

Aliangalia kikombe chake. Kaka yangu ana jibu kwa kila kitu, kuanzia mirathi mpaka namna ya kukaanga samaki. "Sijui, dada," akasema. "Kweli sijui."

Niliomba viza tena, nikakataliwa. Vidonge vinapatikana miezi mingine, miezi mingine havipatikani, na sasa mpwa wangu anayefanya biashara ya Dar es Salaam hunibebea akikumbuka. Vikiwepo, nauza nikiwa na usingizi. Visipokuwepo, nauza nikiwa macho, nakuwa mkali kwa wateja, na wengine wamehamia meza za mbele. Siku moja mwanamke aliniuliza kwa nini namfokea wakati anauliza bei ya mdalasini tu. Nilitaka kumweleza. Nikampimia mdalasini wake, nikamwongezea kipande, akaondoka bado amekunja uso.