Kidole Ambacho Nkwabi Hakukiona

Kama unataka kucheka, cheka sasa umalize, maana nikianza sitaki kukatishwa. Haya hayakumpata jirani wala binamu wa mtu. Yalinipata mimi, hapa Somanda, mjini Bariadi, mchana wa jua kali, na waliofanya nitawataja: Jilala, kiongozi wa bendi yetu, na Nkwabi, aliyekuwa akipiga gitaa la ridhimu upande wangu wa kushoto. Waje wakatae.

Mimi ni mpiga solo. Shule sikufika mbali, lakini ukinipa gitaa nipige jazi, ile ya kutulia, ambayo mtu anacheza na mke wake bila kuloa jasho, utanitafutia mwenzangu Simiyu nzima mpaka uchoke. Sijigambi. Ulizia Nkololo, ulizia Zagayu.

Gitaa langu la zamani lilikuwa la tumbo wazi. Tamu, lakini ukisimama nalo karibu na spika linapiga yowe kama ng'ombe anayechinjwa. Nikaamua kutafuta la ubao mzima. Fundi Maduhu, anayetengeneza redio na magitaa njia ya kwenda hospitali, alikuwa nayo mawili: jekundu linalong'aa, na la kahawia lililochubuka. Jilala alinikalia shingoni wiki nzima.

"Chukua jekundu, kaka. Jekundu ndilo la mtu mkubwa kama wewe."

Nkwabi naye akidakia, "Hilo la kahawia si la kuchungia mbuzi?"

Sasa elewa jambo moja kuhusu pikapu, ile sumaku inayokaa chini ya nyuzi. Haisikii mdomo, inasikia chuma kinachotikisika. Ya upande wa daraja inakata kama wembe. Ya upande wa shingo inatoa sauti nene, ya mviringo, na hiyo ndiyo sauti ya jazi. Yenye koili moja inakoroma umeme ukiwa mbovu, kwa hiyo nilitaka koili mbili. Magitaa yote mawili yalikuwa nazo. Nichague kwa lipi basi?

Amplifaya ya Maduhu ilikuwa na tundu moja zima tu. Akaunganisha waya za magitaa yote mawili kwenye tundu hilo ili nilinganishe. Kabla sijapiga hata noti moja, umeme ukakatika Somanda nzima.

"Nisubiri bhabha, nifuate mafuta ya jenereta," akasema, akatoka.

Nikabaki na la kahawia mapajani. Akaingia mtu. Shati lenye mikono mirefu inayofunika vidole, na pamba kwenye nyusi kana kwamba ametoka kulala ndani ya gunia.

"Ng'wadila," nikamsalimu. Mtu gani wa hapa haitikii salamu? Akachukua lile jekundu, akakaa mbele yangu juu ya kreti ya soda, akakunja mikono ya shati.

Niamini. Mikono ile ilikuwa yangu. Kovu la mundu kwenye kidole cha shahada cha kushoto, langu. Kucha ya gumba iliyopasuka katikati, yangu. Nikatazama mikono yangu mwenyewe. Ipo, lakini imelala kama nyama ya buchani. Nikajaribu kukunja vidole, wapi!

Akapiga. Umeme hakuna, taa ya amplifaya imezimika, na spika inalia! Ilikuwa solo yangu, niliyoitunga mwenyewe, ambayo bendi tu ndiyo iliyowahi kuisikia. Kila noti ilipotoka, baridi ilipanda kutoka kiganjani kuelekea kwenye kiwiko. Nikaelewa kwamba solo ikifika mwisho, mikono hii sitaipata tena.

"Unaipiga vibaya," nikamwambia.

Eti mtu anaibiwa mikono na bado anasahihisha! Lakini ilikuwa kweli. Sauti ilikuwa ileile, haipandi, haishuki. Nikatazama mkono wake wa kulia. Kidole cha mwisho kimesimama tu kama kijiti.

Hapo nikajua nani kaniuza. Nikipiga, kidole changu kidogo cha kulia kinazungusha nobu ya sauti polepole, ili noti iingie kama mtu anayevua viatu mlangoni. Ukisimama kushoto kwangu, kidole hicho kinajificha nyuma ya vingine. Miaka yote Nkwabi amevikodolea vidole vyangu, hicho hajawahi kukiona. Angekiuzaje?

Nikakijaribu. Kikacheza!

Kwenye lile jekundu nobu zimekaa chini kabisa, kidole hakifiki. Kwenye la kahawia nobu iko hapa hapa, karibu na nyuzi. Na fundi yeyote atakwambia, magitaa mawili yakiunganishwa tundu moja, ukifunga kabisa sauti ya moja, yote yanakufa. Nikazungusha mpaka mwisho.

Solo ikakatika. Yule mtu akaendelea kukwaruza nyuzi, hakuna kitu. Akainua macho, akasema kwa sauti ya Jilala kabisa:

"Umechagua hilo bovu, kaka?"

"Nimechagua."

Akashusha mikono ya shati, akatoka. Bodaboda waliokuwa wameegesha nje waliniapia hawakuona mtu akiingia wala akitoka.

Maduhu alirudi akanikuta nalia, nafumba ngumi na kufumbua. Nikamwambia afungue pikapu za lile jekundu. Chini ya ile ya shingo tulikuta nyuzi kuukuu zimeviringishwa na kufungwa kitambaa. Nyuzi zangu! Nilipozibadilisha, nani alisema "lete nikatupe, kaka"? Nkwabi.

"Na gitaa hili nani alikuletea uuze?"

Maduhu akalisukuma lile jekundu mbali na miguu yake. "Jilala."

Kidole changu cha pete cha kushoto hakikurudi. Ni baridi mpaka leo. Napiga kwa vitatu. Wale wawili walinifukuza kwenye bendi, eti nina wazimu. Sawa. Nikaenda kupiga baa inayotazamana na ile wanayopigia, na gitaa langu la kahawia, na sasa nikianza tu, watu wao wanavuka barabara wamebeba na viti. Nani mshindi?

Lakini wewe unayetaka kupiga gitaa, nisikilize. Maduhu alikataa kulala nyumba moja na lile jekundu, na Jilala akaja kulichukua. Kwa hiyo bado lipo, linang'aa, linatafuta mtu. Siku mtu wa Bariadi akikusifu kupita kiasi, halafu akakuonyesha gitaa zuri, itazame kwanza mikono ya atakayekupigia ulisikie.